Wanne Penye Lango: Neno kwa Mgonjwa Anayejificha

Mahubiri ya redio, Kibumba
Masomo: 2 Wafalme 7:3-11, 2 Wakorintho 1:3-7, Wagalatia 6:2

 

Wapendwa wasikilizaji wa Kibumba, Rugari, Buhumba, Kibati, Kanyaruchinya, mpaka Goma mjini, nawasalimu katika jina la Bwana. Nawasalimu hasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa kitandani, redio iko karibu na mto, na mwili umekataa kwenda ibadani. Neno la leo ni lenu. Na ninyi mtakaolisoma kwenye karatasi, msomeeni jirani ambaye macho yake hayaoni vizuri.

Naomba mnivumilie. Neno hili nimelibeba tumboni zaidi ya miaka mitatu. Sisemi tumboni kwa mfano. Nitaeleza.

Tuanze na andiko. Mji wa Samaria umezingirwa na jeshi la Washami. Njia zimefungwa, bei ya chakula imepanda, hata kichwa cha punda kinauzwa kwa fedha nyingi. Sisi wa Kibumba hatuhitaji mwalimu wa kutueleza sura hiyo. Tumeona barabara ya Goma ikifungwa. Tumeona kabichi zikioza shambani, na mjini watu wakizitafuta.

Nje ya lango la mji wameketi watu wanne wenye ukoma. Mji hauwataki kwa sababu ya ugonjwa wao, na adui yuko mbele yao. Wakaanza kuulizana kwa nini wangoje kifo wakiwa wameketi. Wakapiga hesabu: tukiingia mjini kuna njaa, tukibaki hapa ni kufa, tukienda kwa Washami huenda wakatuacha hai. Jua lilipotua wakaondoka. Wakakuta kambi tupu! Mungu alikuwa amewasikilizisha Washami kishindo cha jeshi kubwa, nao wakakimbia na kuacha kila kitu. Wale wanne wakala, wakanywa, wakaanza kuficha fedha na nguo. Halafu dhamiri ikawachoma. Wakaambiana kwamba wanakosea, maana habari kama hii haifichwi mpaka asubuhi. Wakarudi gizani kumwamsha bawabu wa lango.

Andiko hili nimelihubiri mara nyingi. Nilipokuwa chuo cha Biblia nililiandikia mahubiri ya mtihani, nikapata alama nzuri. Nilihubiri juu ya imani inayothubutu. Lakini kuna jambo moja sikuliona mpaka nilipougua mimi mwenyewe. Soma sura yote mpaka mwisho wake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wale wanne walipona ukoma. Walienda kambini na ukoma wao, wakarudi na ukoma wao. Mungu aliuokoa mji wote kwa mdomo wa wagonjwa ambao walikuwa bado wagonjwa.

Sema amina hapo ulipo.

Mlima ulio ndani ya mwili

Mwaka 2022, kabla vita haijafika hapa, nilipatwa na maumivu ya ubavuni. Nilidhani ni figo. Nikashuka Goma kupimwa kwa ekografi. Daktari alipitisha kile kifaa tumboni, akarudia, akarudia tena, akanyamaza. Halafu akaniambia: "Mchungaji, figo ni nzuri. Lakini mshipa wako mkubwa umevimba. Sentimita nne na nusu."

Mshipa huo madaktari wanauita aota. Ndio mshipa mkubwa kuliko yote. Unatoka moyoni, unapinda, unashuka kifuani mpaka tumboni, na karibu na kitovu unagawanyika kwenda miguu miwili. Damu yote ya mwili inapita humo. Kule tumboni upana wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 2. Ukifika sentimita 3, madaktari wanasema una anevrisimu, yaani mshipa umepanuka mahali palipodhoofika. Ninyi vijana wa moto mnajua mpira wa ndani wa tairi. Ukiwa na sehemu iliyochoka, ukijaza upepo, sehemu hiyo inavimba peke yake. Unaweza kutembea nayo siku nyingi. Lakini ikipasuka, inapasuka mara moja.

Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Hauleti homa. Unaweza kukaa nao miaka usijue. Baba yangu alianguka shambani akiwa bado na nguvu, akafa kabla hatujamfikisha barabarani, na familia ikamtafuta mchawi. Leo siwezi kusema alikufa kwa nini, lakini daktari aliponiuliza habari za baba yangu, nilielewa kwa nini anauliza, maana ugonjwa huu unaweza kutembea katika ukoo. Akaniuliza tena kama nimewahi kuvuta sigara. Nilivuta miaka 12 kabla ya kuokoka. Wapendwa, damu ya Yesu ilinisafisha dhambi zangu zote, lakini mshipa ulikuwa umekwisha kuumia. Akapima na tansiyo, yaani msukumo wa damu. Ilikuwa juu.

Akanieleza kwa upole. Wakati wa kupasua haujafika. Kwa mwanamume, madaktari mara nyingi huanza kufikiri upasuaji mshipa wa tumboni ukifika sentimita 5 na nusu, na kwa mwanamke mapema kidogo. Kabla ya hapo unapimwa mara kwa mara, unameza dawa za tansiyo kila siku, unaacha sigara, unapunguza chumvi, hubebi mizigo mizito. "Rudi baada ya miezi sita," akasema.

Nikarudi Kibumba kwenye moto, nikiutazama mlima wa Nyiragongo njia nzima. Ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka 2002, ukalipuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na wengi wetu tulikimbia na watoto mgongoni. Sisi tunaoishi chini yake hatukimbii kila siku. Tunalima kabichi na viazi, tunaoza watoto wetu, tunajenga. Lakini hatusemi mlima haupo. Kuna wataalamu pale Goma, kazi yao ni kuupima mlima usiku na mchana. Sijawahi kusikia Mkristo hata mmoja akiwaambia watu hao kwamba hawana imani. Basi mbona mtu akipima tansiyo tunamwambia hana imani?

Kwa nini nilijificha

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye shida yangu.

Sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa kuwekea wagonjwa mikono. Watu wanatoka mbali kuja kwenye maombi yetu ya usiku. Nitasimamaje mbele yao niseme mchungaji ana ugonjwa ambao haujaondoka? Niliona aibu. Nilificha dawa ndani ya mfuko wa gita. Mke wangu aliponiomba nimsaidie kubeba bidoni ya maji, nilisema nina haraka.

Lakini aibu haikuwa peke yake. Kulikuwa na jambo la zamani.

Mwaka 2019 tulikuwa na shemasi kanisani kwetu, mtu mwaminifu, mkulima. Alikuwa na tansiyo na alikuwa anameza dawa. Usiku mmoja wa maombi nilimwekea mikono. Akaanguka, akainuka akilia kwa furaha. Jumapili yake akatoa ushuhuda kwamba amepona na dawa ameziacha. Kanisa lilipiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Sikumwambia aache dawa, ni kweli. Lakini sikumwambia arudi apimwe. Nilijua moyoni kwamba ningepaswa kusema, nikanyamaza, kwa sababu ushuhuda ule ulikuwa mtamu na jina langu lilikuwa ndani yake.

Baada ya miezi minne mke wake alimkuta asubuhi upande mmoja umekufa, mdomo umepinda. Hakumaliza juma. Mimi ndiye niliyemzika. Nilisimama kaburini nikahubiri kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa, na kila mtu akasema amina, na mjane wake alinitazama tu.

Basi mimi nilipopewa dawa zile zile za tansiyo, kila asubuhi nilipofungua pakiti nilimwona shemasi. Ningemezaje mbele ya watu dawa ambayo nilinyamaza yeye alipoiacha? Ndugu zangu, mara nyingine mtu anajificha kwa sababu ugonjwa wake umekuja kumkumbusha kosa lake.

Sasa turudi kwa wale wanne, maana wao ndio walionitoa mafichoni. Nina mambo manne.

1. Walikaa pamoja

Sheria iliwatenga na mji, lakini hawakutengana wao kwa wao. Hatujui kabila zao, hatujui nyumba zao. Ugonjwa uliwafanya ndugu.

Dawa zilinipeleka kituo cha afya kila Alhamisi asubuhi, siku ya watu wa tansiyo na sukari. Kuna benchi refu pale nje. Mara ya kwanza nilikaa mwishoni, kofia imeshuka mpaka machoni. Mama mmoja mzee, Mkatoliki, akaniambia kwa sauti: "Mchungaji, sogea huku. Hapa wote tuna ugonjwa, hakuna wa kuogopwa." Watu wakacheka. Nikasogea. Pembeni yake alikuwa mzee Mwislamu mwuza nguo, na kijana msukuma chukudu ambaye moyo wake una shida tangu utoto, na mama wa kanisa jingine la kilokole ambaye kanisani kwake wanadhani Alhamisi anakwenda sokoni. Tulikuwa saba.

Mwenye ugonjwa hasa kama wangu hakuwepo. Daktari wa Goma ndiye aliyenipatia mmoja, kwa ruhusa yake. Ni mwalimu aliyestaafu. Alinipigia simu yeye mwenyewe. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mchungaji, ya kwako ni ngapi?" Nikasema: "Nne na nusu." Akasema: "Mimi ni tano. Basi mimi ni mkubwa wako, unisalimie vizuri." Akacheka, nami nikacheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile ya ekografi.

Daktari alinieleza ugonjwa. Mwalimu alinieleza namna ya kuishi. Alinieleza kwamba miezi ya kwanza utalala ukisikiliza tumbo lako linavyodunda, na kwamba hofu hiyo inapungua. Alinieleza namna ya kuinama, namna ya kukataa mzigo bila kugombana na mtu. Alinieleza hata mambo ya chumbani na mke, ambayo mimi mchungaji nisingethubutu kumwuliza daktari. Halafu akauliza: "Umemwambia mke wako?" Nikanyamaza. Akasema: "Basi wewe ndiye unayemtesa, si ugonjwa."

Usiku ule nilimwambia mama mchungaji. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Kumbe. Nilidhani umekuwa mvivu."

Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu anatufariji katika taabu zetu ili nasi tupate kitu cha kuwafariji wengine walio taabuni. Faraja ni kama mbegu ya viazi. Unapewa ule, na unapewa upande. Mwalimu alikuwa na mbegu ambayo daktari hakuwa nayo.

Na msidhani wakubwa hawaihitaji. Huko Marekani alikuwepo daktari mpasuaji jina lake Michael DeBakey. Ni mmoja wa watu walioufundisha ulimwengu kutengeneza mshipa huu wa aota. Miaka ya 1950 alishona mshipa wa bandia wa kitambaa kwa cherehani ya nyumbani kwake. Aliwapasua watu maelfu. Siku ya mwisho ya mwaka 2005, akiwa na miaka 97, aota yake mwenyewe ilichanika. Na yule mpasuaji mkubwa akaogopa upasuaji, akaukataa mwanzoni! Mwaka 2006 wenzake wakampasua kwa njia ile ile aliyoifundisha, akaishi zaidi ya miaka miwili tena. Kama yeye alihitaji kubebwa na wenzake, wewe ni nani wa kujibeba peke yako?

2. Waliambiana kweli

Wale wanne hawakudanganyana. Hakuna aliyesema hatuna ukoma, au njaa haipo. Walihesabu hatari zao kwa sauti, mbele ya wenzao. Imani yao ilianzia kwenye hesabu ya kweli.

Sisi Wapentekoste tunaamini Mungu anaponya. Nimeona akiponya, na sitaacha kuombea wagonjwa mpaka nife. Lakini Biblia hiyo hiyo inasema kweli yote. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akaomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na nabii huyo huyo Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa katika chumba kimoja, na Mungu hakukasirika! Timotheo alikuwa na tumbo linalomsumbua mara nyingi, na Paulo akampa shauri la dawa ya wakati ule. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na aliyemwacha ni Paulo yule ambaye vitambaa vyake viliponya watu Efeso. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, akajibiwa kwa neema, na mwiba ukabaki. Na aliyefuatana naye safarini ni Luka, tabibu mpendwa. Sijasoma mahali ambapo Paulo alimfukuza Luka kwa kukosa imani.

Kwa hiyo nasema leo, na wazee wa kanisa letu wamenikubalia: kwetu, mtu akitoa ushuhuda wa kupona tansiyo, sukari au moyo, tutashangilia, kisha mzee mmoja atamsindikiza kupimwa. Kama Mungu amemponya, mashine haitamwaibisha Mungu. Bwana Yesu aliwatuma wale kumi wenye ukoma wajionyeshe kwa makuhani. Na dawa haiachwi mpaka aliyeiandika aseme iachwe.

Nilikwenda kwa mjane wa shemasi. Ilikuwa mwaka 2025, tuliporudi kutoka kambini. Nilikaa kwenye kiti cha mbao, nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Alikuwa anachambua maharagwe, hakusimamisha mikono. Akasema: "Mchungaji, nilijua. Nilikuwa nangojea siku utakayokuja." Nikamwomba msamaha. Akasema: "Mimi nimekusamehe zamani, nisingeweza kuimba kanisani. Lakini kuniambia mimi haitoshi. Wako wengine wanaoziacha dawa. Waambie wao."

Ndiyo sababu nasema kwenye redio. Ni yeye aliyenituma.

3. Walitembea pamoja

Biblia inasema waliondoka jioni, wote wanne. Mtu mmoja peke yake angerudi nusu ya njia.

Mwishoni mwa 2022 vita ilipofika Kibumba, mnakumbuka tulivyotoka. Usiku, mvua, vitanda juu ya chukudu, ng'ombe katikati ya watu. Tukafika Kanyaruchinya, tukajenga shitingi juu ya mawe ya volkano. Ndipo nikagundua kwamba nimebeba Biblia, nimebeba gita, na dawa zimebaki kwenye kabati. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kichwa kiliuma. Nilijua msukumo unapanda na mshipa wangu hauutaki.

Siku ya tatu nikasikia sauti nje inauliza: "Mchungaji wa tansiyo analala wapi?" Alikuwa yule mama mzee Mkatoliki. Alikuwa amepita shitingi kwa shitingi tangu asubuhi akitafuta watu wa benchi. Dawa zake alizifunga kwenye ncha ya kikwembe chake. Akanishika mkono mpaka kwa muuguzi wa kliniki ya kambini, akamwonyesha pakiti yake na kitabu changu cha kupimia. Muuguzi akaangalia, akasema ni dawa ile ile na nguvu ile ile. Mama akahesabu vidonge 20, akagawa. Kumi kwangu, kumi kwake. Nikamwambia: "Mama, na wewe?" Akajibu: "Mtoto wangu, siku kumi ni nyingi. Mungu atafika kabla."

Na alifika. Siku ya nane dawa zikaletwa kambini.

Mimi nimefundishwa andiko la kuchukuliana mizigo kwa miaka mingi. Siku ile nililiona limefungwa kwenye kikwembe, na aliyelibeba hakuwa wa dhehebu langu.

Pale kambini benchi letu lilianza tena, juu ya jiwe. Kila Alhamisi tulihesabiana: nani ana dawa, nani hana, nani hajaonekana. Asiyeonekana anafuatwa. Mwanzoni mwa 2025 watu walipotoka makambini, tulirudi Kibumba, na wa kwanza kufika kwenye benchi la zamani alikuwa yule msukuma chukudu. Sasa hasukumi tena mizigo mizito, anatengeneza magurudumu. Kutoka saba tumekuwa 19.

Kinachofanyika pale ni kidogo, kila kanisa linaweza. Tunajua majina. Tunakumbushana tarehe ya kupimwa. Tunachanga franga kidogo kila juma kwa ajili ya safari ya mgonjwa kwenda Goma. Tunabebeana maji, maana Kibumba maji ni shida na mgonjwa wa mshipa au moyo hapaswi kuinua bidoni ya litri 20. Tena kila mmoja wetu amewaambia wa nyumbani kwake dalili za hatari. Zisikilizeni na ninyi: maumivu makali ya ghafla tumboni, mgongoni au kifuani, kama kitu kinachanika, pamoja na jasho baridi, kizunguzungu au kuzimia. Mtu wa namna hiyo hangojei asubuhi, wala hawekwi katikati ya maombi mpaka jogoo awike. Mpelekeni hospitali mara moja. Ombeni njiani. Mungu anasikia hata juu ya barabara yetu mbovu.

Na kama ndugu yako wa damu ana ugonjwa huu, nenda nawe upimwe. Nimewapeleka kaka zangu wawili. Mmoja ni mzima. Mwingine ana sentimita 3 na kidogo, amejua mapema, na sigara ameitupa.

4. Hawakuificha habari

Wale wanne walishiba kwanza, wakaficha. Kisha wakakumbuka kwamba ndani ya mji uliowafukuza kuna watoto wenye njaa. Wangeweza kusema: walitutenga, wacha wafe. Hawakusema hivyo. Walirudi kuupigia mji kelele, wakiwa na ukoma wao.

Nimesikia yanayosemwa. Wako wanaosema upako wa mchungaji umepungua. Wako wanaouliza ni dhambi gani. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo juu ya kipofu tangu kuzaliwa, na Bwana aliwajibu kwamba si dhambi yake wala ya wazazi wake. Rafiki za Ayubu waliuliza vilevile, na mwisho ni wao waliohitaji kuombewa. Siwakasirikii. Mimi mwenyewe ningeuliza hivyo mwaka 2019.

Lakini wewe uliyejificha na pakiti ndani ya mfuko wa gita, au chini ya godoro, au unayekwenda "sokoni" kila Alhamisi: toka. Sisemi panda juu ya mimbara leo. Tafuta mmoja. Tafuta mtu mwenye ugonjwa kama wako, hata kama anaomba tofauti na wewe, umwulize: "Ya kwako ni ngapi?"

Neno la mwisho

Nilipimwa mwezi uliopita. Mimi ni nne na saba. Imekwenda polepole, na ninamshukuru Mungu.

Mwalimu wangu alipimwa juma hilo hilo. Amefika tano na nusu. Akanipigia simu akasema: "Mdogo wangu, nimefika mwisho wa darasa, sasa ni mtihani." Nilitaka kucheka kama mara ya kwanza, sikuweza. Upasuaji huo ni kukata sehemu iliyovimba na kuweka mshipa wa kitambaa, au kupitisha mrija kutoka kwenye nyonga mpaka ndani ya mshipa. Haufanyiki katika vituo vyetu vya afya. Kuna hospitali za moyo Kampala pale Mulago, na Dar es Salaam kuna taasisi yenye jina la Jakaya Kikwete. Daktari amemwandikia barua ya Kampala. Fedha ni nyingi kuliko pensheni ya mwalimu wa Kongo, ninyi mnajua.

Benchi limechanga. Mzee wetu Mwislamu ameleta faida ya mwezi mzima. Mama Mkatoliki amepeleka jambo hili parokiani kwake. Mjane wa shemasi ameleta gunia la maharagwe liuzwe. Haijatosha. Jumapili ijayo, katika kanisa letu, sadaka ya pili ni ya Mwalimu. Siwaahidi kwamba atakwenda na kurudi. Wale wanne nao hawakuwa na ahadi, walikuwa na huenda tu, wakasimama.

Basi usiombe tu. Simama, tutembee naye.

Tuombe.

Baba wa rehema, Mungu wa faraja yote, tunakuja kwako na miili yetu kama ilivyo. Unaijua mishipa yetu, wewe uliyeitengeneza. Tunakuomba uponye, kwa mkono wako na kwa mikono ya madaktari. Umkumbuke Mwalimu wetu, fungua njia, fungua mikono ya watu wako. Utusamehe sisi wachungaji tulionyamaza mahali pa kusema. Mfariji mjane na yatima wa ukimya wetu. Yule anayetusikiliza amejificha, mpe mmoja wa kukaa naye penye lango. Linda Kibumba yetu, na mlima wetu, na barabara yetu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.